Baraka ya Barabara ya Kusini

Maji yalikuwa yamepoa tena. Domitila alikikamua kitambaa juu ya beseni, akautazama mguu wa Mzee Eleuterio uliolala kwenye taulo. Kisigino kilikuwa kimeanza kuwa na madoa ya zambarau. Jana hayakuwepo. Alikifunika upesi, maana Herlinda, binti wa mzee, alikuwa anaingia chumbani kila baada ya dakika chache, na kila akiingia alitafuta kitu cha kunyoosha.

Aliingia. Akanyoosha pazia. Akauliza kama maji yanafaa, na kabla hajajibiwa akatoka kwenda kufagia. Alikuwa ameshafagia mara mbili asubuhi hiyo, lakini upepo wa Machi ulikuwa unaleta vumbi la shamba la vitunguu la ng'ambo ya barabara, likipita kwenye wavu wa dirisha na kutua sakafuni, juu ya televisheni, juu ya mashine ya oksijeni, juu ya sanamu ya Bikira Maria.

"Huyu mwanangu ataikwangua sakafu mpaka tuonane na walioko chini," alisema Mzee Eleuterio bila kufumbua macho.

"Ana wasiwasi tu, mzee."

"Wasiwasi wa nini? Si mnasema napona?"

Domitila aligeukia meza. Alichukua kijiti chenye sponji, akakichovya kwenye glasi ya maji, akamlowesha mzee midomo. Maji yaliingia, yakakaa kidogo, kisha yakatoka pembeni mwa mdomo na kuteremka shingoni. Aliyafuta. Miaka kumi na saba alikuwa akiwaogesha na kuwageuza wagonjwa wa tiba shufaa, wale wasiotarajiwa kupona, katika vitongoji hivi vya bondeni, upande wa Texas, na hakuhitaji daktari kumwambia maana yake. Maji yakianza kurudi, maneno nayo hubaki siku mbili tu. Wengine siku moja.

Siku ya kwanza alipofika kwenye nyumba hii, Herlinda alimsimamisha mlangoni akampa masharti. Neno kansa lisitajwe. Koti lenye jina la kampuni yake ya uuguzi livuliwe garini. Mtu asilie ndani, na akitaka kusali rozari akasalie jikoni, kwa sauti ya chini. Mzee aliambiwa kwamba ana kifua, kifua kibaya cha watu waliopulizia dawa michungwa miaka mingi, na kwamba joto likirudi atapata nafuu. Domitila alikubali. Karibu kila nyumba aliyoingia ilikuwa na masharti kama hayo. Watu wake huamini kwamba mgonjwa anayeambiwa anakufa hulala chini siku hiyohiyo na haamki, na yeye mwenyewe alikuwa ameona wawili waliofanya hivyo.

Hata padri aliletwa kwa hila. Wiki iliyopita alikuja amevaa shati la maua, akasema amepita tu kuzungumza habari za paa la kanisa. Walizungumza habari za paa. Padri alipoondoka, alimshika mzee mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida ya watu wanaoagana. Baadaye mzee alimwonyesha Domitila kiganja.

"Yule padri alikuwa amekula nini? Mkono wote mafuta."

Domitila alimtazama usoni kutafuta kama ni mzaha, au kama ameyatambua mafuta ya wagonjwa mahututi. Uso wa mzee ulikuwa mkavu kama ukuta.

Uongo wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, nao ulikuwa wa Nereo. Nereo ni kaka yake Herlinda, mtoto mkubwa wa mzee. Miaka tisa iliyopita alikamatwa na kurudishwa Meksiko, na sasa anaziba pancha mjini Río Bravo, mwendo usiofika saa moja kutoka kitanda hiki, lakini katikati kuna mto na ukuta na askari wa mpaka. Mama yao alipofariki, Nereo aliingia mtoni akitaka kuja kuzika. Waliingia watatu. Mto ulikuwa umejaa, na waliotoka ni wawili, tena walitokea upande uleule walioingilia. Kwa hiyo kila Jumapili Herlinda anampigia simu na kumwambia baba amelala, baba anapata nafuu, baba amekula vizuri. Akijua, atarudi mtoni. Herlinda alisema hivyo mara moja tu, akiwa anaosha sufuria, na hakulizungumza tena.

Saa tatu na nusu Herlinda alimwita Domitila jikoni.

Muuguzi Maureen alikuwa anakuja saa nne. Mara ya mwisho alisema wazi kwamba safari hii lazima amsikie mzee kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba ana fomu, na fomu inataka kujua kama mgonjwa anaielewa hali yake. Maureen alikuwa mwema lakini lugha yao hakuijua zaidi ya salamu na "inauma wapi". Mkalimani wa kwenye simu walimjaribu. Mzee alimpigia kelele kama mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya shamba, kisha akasema hazungumzi na mtu asiyeonyesha sura. Hivyo ilikuwa lazima atafsiri Domitila, ingawa kampuni haikutaka.

Herlinda alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena.

"Utamwambia nini?"

"Nitasema atakalosema muuguzi."

"Akisema anakufa, na wewe utasema?"

"Herlinda, mwanangu, mimi kazi yangu..."

"Basi haitakuwa kansa. Utakuwa umemuua wewe, Bi Tila." Alisema taratibu, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Niachie angalau mtu mmoja anayetumaini. Mwenye kujua ninaye mmoja, ni mimi, na huyo ananitosha."

Domitila alirudi chumbani, goti la kushoto likimuuma. Aliupanga upya mto ambao haukuwa na tatizo. Aliona na yeye sasa ameanza kunyoosha mapazia.

Kilichomkosesha raha hakikuwa fomu. Ilikuwa ile sponji. Kwa watu hawa mtoto haondoki nyumbani bila kuinamisha kichwa mbele ya mzazi. Akienda shule, akienda vitani, mzazi humchorea msalaba usoni kwa kidole gumba na kumtaja mbele za Mungu. Na mzazi anapokwenda yeye, huwaita wote, mmoja mmoja, wapige magoti, ndipo aondoke. Mzee Eleuterio hakuwa ameita mtu. Angemwitaje mtu, na yeye ana kifua tu? Akimbariki Herlinda leo, amekubali kwamba anakufa. Akimtaka Nereo, amekubali pia. Uongo ulikuwa umeshika mlango vizuri, na ulimi ulikuwa unakwisha.

Maureen alifika na upepo. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, alikuwa ameshajifunza hilo, akamsalimu mzee kwa maneno yake machache, akavuta kiti. Herlinda alisimama kwenye fremu ya mlango, mikono kifuani. Hakukaa.

Ndipo mzee alipofumbua macho na kusema anatamani supu ya kuku, ile yenye majani mengi ya korianda.

Alikuwa hajala siku nne. Herlinda alishtuka kama aliyeguswa na maji baridi, kisha uso ukamfunguka, akasema mara moja, baba, mara moja, akakimbilia jikoni. Walisikia mlango wa friji, sufuria, bomba. Domitila alitazama chini. Ile furaha ilimchoma.

Maureen alizungumza polepole. Domitila alikuwa ameukaza mwili akingoja neno lile, lakini lililokuja lilikuwa jingine.

"Anauliza hivi, mzee. Kuna wagonjwa wanaotaka waambiwe kila kitu kuhusu ugonjwa wao. Na kuna wengine wanaopenda familia ndiyo iambiwe, wao waachwe wapumzike. Wewe ni yupi?"

Mzee alifikiri.

"Mwambie mimi ni wa pili. Habari zangu anazo Herlinda."

Domitila alitafsiri. Maureen aliitikia kwa kichwa, akaandika mstari mmoja, akaifunga kalamu. Hakusisitiza. Alisema tu kwamba hilo nalo ni jibu, na kwamba atalilinda. Domitila alihisi mabega yake yakishuka. Alianza kukusanya taulo.

"Sasa, Tila, funga mlango kidogo."

Aliufunga.

"Muulize na langu. Na litakalosemwa lisitoke humu. Nimechuma machungwa miaka arobaini, mti unaokauka naujua kabla mwenye shamba hajaujua. Sitaki kusomewa. Nataka kitu kimoja tu. Ulimi huu nitakuwa nao mpaka lini?"

Maureen aliposikia alitia kalamu mfukoni. Alisogea, akautazama mdomo wa mzee, akainua kidogo pembe ya blanketi na kuona kisigino, akairudisha. Alisema leo ni siku nzuri. Kesho hajui.

"Anasema leo," alisema Domitila.

"Leo."

"Ndiyo, mzee."

Maureen aliuliza, kwa upole, kwa nini basi asiseme na binti yake. Mzee alitabasamu kwa upande mmoja.

"Herlinda amenibebea uongo huu miezi mitatu kama ndoo ya maji kichwani. Hajamwaga hata tone. Sasa mimi nimsukume, amelowa mwili mzima, halafu iweje? Mwache afike nayo." Alipumua, mashine ikapumua naye. "Nipigieni simu kwa Nereo."

Domitila alisimama katikati ya chumba, taulo mkononi. Kampuni ilikuwa na orodha ya watu wa kupigiwa, na jina la Nereo halikuwemo. Mwaka jana mwenzake alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Na Herlinda je? Nereo akiuona uso huu tu, atakuwa mtoni kabla ya jua kuzama, na huyo anayemuua mtu safari hii atakuwa nani, kama si yeye Domitila? Alimwambia mzee hivyo, si kwa maneno yote, lakini alimwambia. Alisema mto umejaa.

"Najua mto umejaa. Wewe piga. Mto niachie mimi."

Maureen hakuwa ameelewa maneno, ila alielewa lile taulo mkononi mwa Domitila. Aliinuka, akaweka fomu mkobani, akasema anaenda jikoni kumwomba Herlinda amfundishe ile supu. Muda si mrefu wakasikia Herlinda akimweleza kwa sauti ya juu jinsi ya kukatakata korianda, kana kwamba mtu asiyejua lugha ni kiziwi.

Namba mzee aliitoa kichwani, tarakimu mbili mbili. Domitila alitumia simu yake mwenyewe, ile ya picha. Mara ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ikakatika. Ya tatu ikatokea dari ya mabati, mngurumo wa mashine ya kujaza matairi upepo, kisha sura pana yenye grisi shavuni.

"Nani?"

Domitila aligeuza simu.

Nereo aliisogeza simu karibu. Alitazama. Aliangalia mirija puani mwa baba yake, mashavu yaliyoingia ndani, shingo. Nyuma yake mtu alikuwa anapiga ringi kwa nyundo, akapiga, akapiga, akaacha.

"Baba. Herlinda aliniambia umelala."

"Nimeamka."

"Baba, nakuja. Leo hii nakuja, ngoja nifunge hapa..."

"Nyamaza kwanza. Nasikia unasafiri."

"Ndiyo, nakuja huko."

"Siyo huku. Nasikia unakwenda Monterrey, umepata kazi. Kesho asubuhi, kwa barabara ya kusini." Mzee alikuwa anazungumza kwa vipande, akipumzika kati ya kimoja na kingine, lakini kila kipande kilikuwa kimetua sawasawa. "Jambo kubwa kama hilo naambiwa na watu. Hukuona vyema kuja kuniaga."

"Baba, mimi siendi Monter..."

"Unakwenda. Nani alikufundisha kuondoka bila kuomba?"

Upepo ulisukuma dirisha. Jikoni kisu kilikuwa kinagonga ubao. Domitila aliona kwenye ile simu mdomo wa Nereo ukifunguka na kufungika, na macho yake yakielewa kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa barua ndefu.

"Ni kweli, baba," alisema mwishowe. "Naondoka kesho. Nilikuwa nataka kukupigia."

"Basi omba."

Picha ikayumba. Ikaonyesha tairi, kipande cha mbingu, tairi tena. Nereo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, amevua kofia, ameisogeza simu mpaka ikajaa utosi wake peke yake. Katikati ya utosi palikuwa na upara wa ukubwa wa sahani ya chai.

"Nywele zako ziko wapi?"

"Zimetangulia, baba."

Mzee alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Domitila akamwinua, akamfuta, akamlaza. Alifikiri hapo ndipo pamekwisha. Lakini mzee alikuwa anauvuta mkono wa kulia kutoka chini ya blanketi, na mkono haukuinuka. Domitila akaweka simu juu ya kifua cha mzee, ikiegemea mto, akamshika mzee chini ya kiwiko kama anavyowashika wote anapowaogesha, kiganja kikiwa wazi, bila kubana.

"Usiuongoze," alisema mzee. "Shika tu."

Alishika tu. Kidole gumba kikaenda chenyewe, kikachora msalaba juu ya kioo cha simu, juu ya ule upara. Mzee alimtaja Nereo kwa majina yake yote matatu. Akaomba Mungu aende mbele yake na Bikira amfunike kwa joho lake, asipungukiwe chakula wala marafiki. Kisha akaacha kidole palepale.

"Sikiliza. Hii ni baraka ya barabara ya kusini. Ya mtoni sina. Ukiingia mtoni umeingia bila mimi. Umesikia?"

Utosi uliinama na kuinuka.

"Sema kwa mdomo."

Ile mashine ya upepo ya gereji ilijaa, ikazima yenyewe.

"Sitaingia mtoni, baba."

Domitila aliposikia harufu ya korianda ndipo alipogeuka. Mlango ulikuwa wazi. Herlinda alikuwa amesimama na bakuli la supu kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni, na nyuma yake Maureen, ambaye alikuwa ameshindwa kumzuia. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Domitila aliona kazi yake ikiondoka, nyumba zake tano za wiki, jina lake. Bado alikuwa ameushika mkono wa mzee, na hakujua aushushe au la.

Herlinda alimtazama baba yake. Mzee alitazama supu.

"Inanukia vizuri," alisema.

Herlinda aliweka bakuli juu ya kabati. Alipangusa mikono kwenye nguo, mbele na nyuma. Midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imepauka, na Domitila alingoja kelele, na kama zingekuja angeona ni haki. Herlinda alipozungumza, alimwambia baba yake kwamba chumvi imekwisha. Supu haina chumvi. Itabidi aende dukani.

"Nenda," alisema mzee.

Hakwenda. Alishika mlango, akauachia. Akarudi mpaka pembeni mwa kitanda, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Halafu magoti yake yakafika chini, moja kisha jingine, na kichwa chake kikawa juu ya blanketi.

"Baba, naenda dukani," alisema kwenye blanketi. "Nibariki."

Mkono ulikuwa umechoka. Domitila aliusikia uzito wake wote kwenye kiganja. Lakini kidole kilifika kwenye paji la uso la Herlinda na kikaanza. Mzee alimtaja kwa majina yake. Alimwombea miguu yake, na mgongo wake, na usingizi wake. Alimwombea nyumba hii, na kila mlango atakaoufungua. Akamwombea uzee, akaomba asizeeke peke yake. Maneno yalianza kulegea, mengine yakatoka nusu, lakini hakuacha, na Herlinda mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Ni hapo tu karibu, baba," alisema bila kuinua kichwa.

"Najua." Alipumzika. "Lakini kuna magari."

Herlinda alibaki magotini kidogo tena. Kisha aliinuka, akamgusa Domitila begani alipompita, mguso mfupi ambao haukusema kama ni wa shukrani au wa lawama, akachukua funguo na kutoka. Mtu akishabarikiwa kwa ajili ya njia haiwezekani abaki. Gari lilikohoa, likawaka.

Kwenye kifua cha mzee simu haikuwepo tena, ilikuwa imeteleza mpaka kwenye shuka, bado iko wazi. Ilionyesha bati la gereji na ncha ya sikio. Nereo hakuwa ameikata. Hakuna aliyemwambia aikate.

Maureen alisogea dirishani. Duka lilikuwa mkono wa kulia, mwisho wa mtaa. Gari la Herlinda lilikata kushoto, likazunguka kitongoji chote, likapita mbele ya nyumba polepole huku mbwa wakilikimbiza, na halikusimama.

"Ameondoka?" aliuliza mzee. Neno lilitoka zito, limevimba.

"Ameondoka, mzee."

Domitila alikuwa bado ameshika kiwiko. Hakukishusha, kwa kuwa mzee hakuwa amemwambia. Vumbi la vitunguu lilipanda barabarani, likatua, na gari likapita tena, safari hii vioo vikiwa vimeshushwa na uso wa Herlinda umeelekea dirisha la baba yake.